Filamu za Kweli na Kisu cha Baba

Baba yangu alizigawa filamu zote duniani mafungu mawili: za uongo na za kweli. Za uongo ni zile za watu kupigana na kupendana, na hizo alizionea aibu kana kwamba ni yeye aliyefumaniwa. Za kweli ni zile zinazoeleza mambo: simba wanavyowinda, nyota zinavyozaliwa, wafalme wa kale walivyozikwa na vyombo vyao. Wengine huziita makala. Kwake zilikuwa filamu za kweli, na jina hilo ndilo lililoniponza, maana ukishamwambia mzee kwamba jambo fulani ni la kweli kwa sababu limo humo, huwezi tena kugeuka ukasema hili hapana.

Alikuja kukaa kwangu Ngara mjini mwaka ambao mguu ulimvimba, ili awe karibu na hospitali. Mimi ni mwalimu wa jiografia, nina vyumba viwili nyuma ya soko, na kitu pekee cha anasa nilichowahi kununua ni televisheni bapa ile inayopokea intaneti. Naigawia bando kutoka kwenye simu yangu. Bando likiyumba, simba anaganda hewani mdomo wazi, na baba anasema, "Mwache, amechoka, apumzike kidogo." Kisha anasubiri kwa adabu mpaka simba apumzike.

Filamu zenyewe ni za Kiingereza. Baba hana Kiingereza hata cha kuombea maji, kwa hiyo ilinipasa kukaa pembeni yake na kutafsiri, kidogo kwa Kihangaza, kidogo kwa Kiswahili. Mimi si mtu wa subira. Wanafunzi wangu watakuambia. Nilikuwa naruka sentensi. Msimulizi anaongea dakika nzima, mimi nasema, "Anasema maji yamepungua." Baba ananitazama. "Yote hayo ni maji tu?" "Ni maji tu, baba." Mzee anaguna, tunaendelea.

Ila maswali yake yalikuwa yananikera kwa sababu sikuwa na majibu. Siku moja swala alikuwa anazama kwenye tope, anahangaika, na filamu ilimtazama mpaka masikio yakazama. Baba akauliza, "Na huyu anayepiga picha, alikuwa amesimama hapo hapo?"

"Ndiyo."

"Mbona hakumpa mkono?"

"Baba, jamani, kazi yake ni kupiga picha!"

"Mh. Kazi ya kusimama na kutazama," akasema. "Na analipwa." Nilicheka.

Sasa lazima niseme baba yangu alikuwa nani, la sivyo hamtaelewa. Kilimani kwetu, mwendo wa pikipiki wa saa moja kutoka mjini, mkungu wa kwanza wa shamba jipya haukatwi na mwenye shamba. Anaitwa mtu mwenye mkono mwema, aukate yeye, ili migomba inayofuata izae kwa kufuata mkono wake. Mtu huyo alikuwa baba. Alikuwa na kisu kirefu alichorithi kwa babu, kimeliwa na tupa miaka mingi mpaka kimebaki chembamba kama jani la mchaichai. Hakuishia mkungu wa kwanza. Alipogolea wagonjwa, alipunguzia machipukizi wajane, aliingia kila shamba la kilima kile kwa mwaka mara mbili tatu, na hakuna mlango aliopita bila kukaribishwa. Kumkataa baba na kisu chake kulikuwa ni kama kukataa kupokea salamu ya mtu.

Kisu chenyewe alikitunza kuliko alivyotutunza sisi. Alikifuta kwa jani kavu la mgomba kila alipotoka shamba moja kwenda jingine, na huo ndio ulikuwa usafi wake. Motoni hakikuingia hata siku moja. "Moto unalegeza chuma," alikuwa anasema. "Kisu kikionja moto, makali yanakufa." Na kwa mambo ya chuma alikuwa sahihi, hilo ndilo linaloniuma.

Ilikuwa Jumamosi mchana. Tulikuwa tumemaliza filamu moja ya historia ya vyakula, ngano ilivyosafiri, viazi vilivyovuka bahari, nikaenda uani kupika. Televisheni hizi za intaneti zina kiherehere: filamu ikiisha, inayofuata inaanza yenyewe bila kuombwa. Nilikuwa namenya ndizi, Mungu ananisikia, ndizi, niliposikia baba anaita.

"Mwanangu! Njoo unitafsirie. Wako shambani kwetu."

Hawakuwa shambani kwetu. Walikuwa nchi nyingine yenye vilima, lakini migomba ni migomba. Majani yalikuwa yamegeuka manjano, yamelegea kama mikono ya mtu aliyezirai. Mtu mwenye glovu nyeupe alikata shina, na kutoka kwenye jeraha ukatoka usaha wa manjano, polepole, tone baada ya tone. Nilijua pale pale filamu hii inakwenda wapi. Nikatafuta rimoti niizime. Baba alikuwa ameikalia.

"Wanasemaje?"

"Wanasema ni wadudu, baba. Nyuki na nzi wanabeba ugonjwa kutoka ua hadi ua."

Haikuwa uongo. Wadudu nao wamo. Lakini nilichagua nusu iliyonifaa, na nusu nyingine nikaimeza.

"Na hicho kisu?"

"Cha kukatia tu."

Basi filamu ikanisuta. Wakakileta kisu karibu mpaka ubapa wake ukajaa televisheni nzima. Wakaonyesha kwa darubini ule unyevu uliobaki kwenye chuma, na ndani yake vimelea wanaogelea, wengi, wanapigana vikumbo. Wakakata mgomba mgonjwa, kisha kwa kisu kile kile wakakata mzima. Kisha wakafupisha majuma kuwa muda wa kumeza mate: mgomba mzima ukageuka manjano mbele yetu, ukalegea, ukaanguka. Kisha wakachukua kisu kingine, wakakipitisha motoni mpaka kikabadilika rangi, wakakata, na mgomba ule ukabaki kijani. Hapo panahitaji Kiingereza gani? Hata kuku angeelewa.

"Rudisha," baba akasema.

Nikarudisha.

"Rudisha tena."

Mara ya tatu akasema, "Sasa niambie wanachosema. Usiruke."

Nikamwambia. Sentensi kwa sentensi, kwa Kihangaza kitupu. Kwamba dawa hakuna. Kwamba kinachobeba ugonjwa kutoka shamba hadi shamba, kuliko nyuki na nzi, ni kisu cha mtu. Kwamba mkulima mmoja mwenye bidii anaweza kumaliza kijiji. Baba aliweka viganja vyake juu ya magoti akavitazama. Kisha akauliza kitu ambacho sikukitegemea.

"Wewe ulijua?"

Ningeweza kudanganya. Lakini nilikuwa nimechoka. "Nilijua, baba."

"Kwa hiyo yule mama," akasema, na hakumaliza.

Yule mama alikuwa mjane wa rafiki yake mkubwa, mtu aliyepata naye kipaimara siku moja. Shamba lake lilipakana na letu. Miaka ile mimi nilikuwa mwalimu mpya, ugonjwa ulikuwa ndio unaingia upande wetu, na bwana shamba alikuja kilimani mara moja, akaongea Kiswahili cha ofisini mbele ya watu wachache, akagawa vipeperushi, akaondoka. Baba hakuwepo; alikuwa kwenye shamba la mtu, anakata. Waliohudhuria walirudi wakicheka kwamba serikali sasa inataka ua la mgomba livunjwe kwa kijiti chenye panda, na visu vipikwe kama maharage.

Mjane hakucheka. Alikuwa na watoto wanne wa kulisha kwa migomba ile, na mume wake amezikwa katikati yake, kama desturi. Alianza kupitisha kisu chake motoni kila asubuhi kabla ya kuingia shambani. Baba alipokwenda kwake msimu ule, alimkuta amesimama mlangoni. "Shemeji," alimwambia, "kama kisu chako hakipiti motoni, hakipiti kwangu." Baba alirudi nyumbani akiwa ametukanwa. Alilisimulia jambo lile kila kilabu cha pombe ya ndizi kilimani pale, na kila aliyelisikia aliona mjane yule ana kiburi.

Kisha migomba ikaanza kufa. Kwanza kwa jirani wa chini ya kisima, kisha kwa mwalimu mstaafu, kisha kwetu, kisha kila mahali. Ndizi zinaiva kabla ya wakati, ukizipasua ndani ni kahawia, hata ng'ombe hazili. Watu walikula ugali wa mihogo mwaka mzima na kulia. Kilima kizima kikawa manjano, isipokuwa shamba moja katikati, la kijani, linazaa mikungu ya kutisha. La mjane.

Hamhitaji kuwa wachawi kubashiri kilichofuata. Mwanamke anapitisha kisu motoni kila alfajiri, peke yake, ananong'ona. (Alikuwa anasali rozari.) Mwanamke alimkataa mtu mwenye mkono mwema asiingie kwake. Alikuwa anaficha nini? Wazee wa kilima wakaitana chini ya kanisa, na nilikuwepo, nilikuwa nimekuja kusalimia wikendi ile. Mzee mmoja akamgeukia baba: "Wewe ndiye unayeijua migomba kuliko sisi sote. Huu ni ugonjwa, au ni mkono wa mtu?"

Baba akasema, "Ni mkono wa mtu."

Na mimi? Nilikuwa na kile kipeperushi kwenye mkoba. Haki ya Mungu, kilikuwemo, tulikuwa tumegawiwa shuleni. Nikasimama nikasema, "Wazee wangu, naomba niseme, wataalamu wanasema kwamba visu..." Mtu akanikata: "Mwalimu, kafundishe watoto." Wakacheka. Nikamtazama baba, nikaona nikiendelea, mwisho wa maneno yangu ni kisu chake, na mwisho wa kisu chake ni yeye, mbele ya watu wote. Nikakaa chini. Walimpa mjane mpaka Jumamosi awe ameondoka. Alipochelewa kuondoka, wakamng'olea bati la nyumba, yeye na watoto wakiwa ndani. Akaondoka na magodoro kichwani, akashika njia ya Biharamulo.

Shamba lake wazee walimkabidhi baba alitunze kwa niaba ya kilima. Akaingia na kisu chake, akapogoa vizuri, kama anavyojua. Msimu wa pili likawa limekufa lote. Watu wakasema, si mnaona, ameondoka na dawa yake.

Baada ya filamu ile baba alikaa siku tatu hali chakula cha maana. Televisheni niliifunika kitambaa. Siku ya nne alivaa koti lake la kanisani, akakifunga kisu kwenye kitenge, akasema, "Nipeleke kwake." Mguu wake ulikuwa bado una uvimbe. Nilifoka, nilimwambia atafia njiani, nilimwambia maji yakishamwagika hayazoleki. Akanijibu, "Sikuombi unizolee. Nakuomba unipeleke."

Tuliambiwa yuko Nyabusozi. Tulipofika Nyabusozi tukaambiwa alishahamia Kaniha, kwa binti yake aliyeolewa huko. Kijana wa bodaboda alimjua: "Bibi wa Ngala? Yure anayechoma kisu?" Hata huko, basi, walikuwa wamemwona. Ila huko hawakumfanya kitu, walidhani ndiyo desturi ya Ngara.

Tulimkuta uani anachambua maharage kwenye ungo. Alikuwa amezeeka kupita umri, lakini vidole vilikuwa vyepesi. Nikampigia magoti, "Shikamoo, mama." "Marahaba," akasema, bila kunitazama. Baba alikaa kwenye kigoda, akafungua kitenge, akakiweka kisu chini kati yao. Akasema kila kitu. Filamu, darubini, usaha, moto. Hakujitetea hata mahali pamoja. Alisema, "Niliulizwa nikasema ni mkono wa mtu. Mkono wenyewe ni huu." Mjane aliendelea kutupa vijiwe pembeni.

Alipomaliza, mjane akauliza, "Umewaambia?"

"Nani?"

"Wao. Walioning'olea bati."

"Bado."

"Basi hujafika hapa, shemeji. Bado uko njiani."

Hakusema kwa hasira. Alitupikia. Maharage yale yale, na viazi. Baba alikula kidogo, kwa heshima. Mimi nilikula sahani nzima nikaongezewa, kwa sababu mdomo ukiwa na kazi hauulizwi. Lakini nikaulizwa. Alinigeukia mimi, kwa kuwa baba alikuwa ameinama.

"Mwalimu, migomba yangu je? Bado ipo?"

Baba aliacha kutafuna. Kile kitu alikuwa hajakisema. Alikuwa amesema yote isipokuwa kwamba baada ya kumfukuza aliingia na kisu akamaliza na ya kwake. Nikaona huyu mzee akilisema na hili leo hatarudi mzima Ngara.

"Ipo, mama," nikasema. "Inazaa."

Uso wa mwanamke yule ulifunguka. "Basi mume wangu yuko kivulini," akasema. "Siku nikiitwa, nataka nilazwe pale. Safisheni jina langu tu. Sitaki kingine, sitaki bati, sitaki fidia. Nikalale kwangu bila kupigiwa kelele." Baba alimwahidi. Mimi niliendelea kutafuna maharage.

Jumapili iliyofuata zamu ya sala ya jumuiya ilikuwa kwa jirani wa chini ya kisima. Baada ya sala, baba alisimama akiegemea fimbo. Akawaambia alichomwambia mjane, bila kupunguza. Aliwaambia na habari ya shamba la mjane, kwamba nalo alilimaliza yeye. Nilijivunia baba yangu siku ile mpaka nikalia. Watu hawakuamini masikio yao.

Kisha yule mzee aliyemuuliza siku ile akakohoa. "Nasikia ulikwenda kwake, huko Biharamulo."

"Nilikwenda."

"Ulikula?"

"Nilikula maharage."

"Aaa," mzee akasema. Na wengine wakaitikia, "Aaa," kwa pamoja, taratibu, kama watu wanaomwelewa mgonjwa. Hakuna aliyekasirika. Hilo ndilo lililonitia kichaa. Walimhurumia. Mama mmoja alimshika mkono akamkalisha, akamwambia, "Pole, mzee wetu. Amekupata." Kwao ilikuwa imeeleweka: mchawi alimlisha mtu mwenye mkono mwema, akamrudisha kilimani akiwa anasema maneno yake.

Nikaruka. Nikatoa simu, nikaiwasha ile filamu, nikasema njooni muone, kikulacho ki nguoni mwenu, njooni muone kwa macho yenu! Walikuja, wakabanana, wakatazama usaha, wakatazama kisu. Jirani wa chini ya kisima akauliza ni nchi gani ile. Nikamtajia. "Aha, basi huko kwao," akasema. Na mama mwingine akauliza, kwa nia njema kabisa, kama ninayo ile ya simba. Alisikia baba anaisifia sana. Nikaizima simu nikatoka nje.

Mjane alipiga wiki iliyofuata kwa simu ya binti yake. "Amesema?" akauliza.

"Amesema, mama."

"Wote wamesikia?"

"Wote wamesikia."

Ulikuwa ukweli, nilijiambia, neno kwa neno ulikuwa ukweli. Tazameni mtu anavyoweza kuwa mwalimu akabaki mpumbavu. Yeye akasema, "Basi nakuja kusalimia kaburi kabla ya mvua." Nikasema karibu. Nilidhani zitakuwa porojo za simu, mtu anasema nakuja na hafiki.

Alifika Alhamisi, nikiwa darasani. Hakupitia kwangu. Alichukua bodaboda stendi akaenda moja kwa moja kilimani. Baba, ambaye alikuwa amesharudi kwake, alinipigia simu mara moja tu akasema, "Yuko hapa." Nikaacha wanafunzi na ramani ubaoni.

Nilimkuta amesimama kwenye lile shamba. Lilikuwa kichaka cha majani makavu na mihogo michache iliyojiotea. Watu waliliogopa, hawakulilima. Kaburi la mumewe lilikuwa juani, saruji imepasuka. Baba alikuwa nyuma yake hatua chache, kofia mkononi. Njiani juu watu walikuwa wamejipanga, wanatazama. Hakuna aliyeshuka kutoa salamu.

Alinisikia ninahema, akageuka. Hakumtazama baba. Alinitazama mimi.

"Mwalimu," akasema, "uliniambia inazaa."

Nilipiga magoti kwenye majani yale nikasema nisamehe mama, nilikuwa namwokoa baba, nilikuwa nakuokoa na wewe, nikasema mambo mengi ya kipuuzi. Aliniacha nimalize. Kisha akasema, "Wale siku ile walinifukuza kwa kutojua. Wewe ulijua." Alikuwa amesikia, basi, kwamba nilijua tangu siku ile. Baba alikuwa amemwambia nikiwa njiani, na nashukuru alimwambia, maana mimi nisingeweza.

Akamgeukia baba. "Shemeji, maneno yako hawayataki. Basi panda. Usimwache mwenzako juani." Akapanda bodaboda yake, iliyokuwa imemsubiri, akapita katikati ya wale watu. Waliachia njia kwa haraka, mama mmoja akamvuta mwanawe nyuma ya sketi.

Baba alipata machipukizi safi kwa bwana shamba, mwingine siyo yule. Mguu ukiwa bado umevimba, alilisafisha lile shamba peke yake. Hakuna aliyekubali kumsaidia, na mimi nilifika Jumamosi tu. Alipanda kuzunguka kaburi. Kila asubuhi aliwasha moto wa vijiti na kukipitisha kile kisu cha babu, mara mbili tatu, mpaka makali yakafa kabisa, kama alivyosema siku zote kwamba yangekufa. Sasa hakikati vizuri, kinatafuna. Alisema hajali.

Mjane alifariki Kaniha kabla mgomba wa kwanza haujatoa ua. Binti yake alinipigia, sauti kavu, akaniambia wameshazika, kule kule, na kwamba mama aliacha neno tusihangaike kuja. Nilimpelekea baba habari ile. Alikuwa anafunga majani. Akaendelea kufunga majani mpaka mstari ukaisha, kisha akakaa chini kwenye kaburi la rafiki yake, akalia kwa sauti kama mtoto aliyepigwa. Sikujua nimshike wapi.

Migomba sasa imeshatoa mikungu. Kilima chote bado kina yale yale, watu wanapanda na inakufa, na katikati kuna kipande kimoja cha kijani, kinene, kinazaa. Baba hachukui ndizi zake. Yeye anawasha moto, anapitisha kisu, anaingia.

Jumapili iliyopita, baada ya misa, jirani wa chini ya kisima alinisogelea. Ni mtu mpole, alinibeba mgongoni nikiwa mdogo. Akaniuliza, sauti ya chini, akitazama pembeni, "Mwalimu, baba yako siku hizi anachoma kisu alfajiri. Watu wanauliza. Ni kwa ajili ya nini?"

Watu walikuwa bado wamesimama uwanjani, wengi. Safari hii sikukaa chini. Nilimweleza kwa sauti, wote wasikie: ugonjwa, kisu, moto, mjane, kipeperushi kilichokuwa kwenye mkoba wangu, uongo wangu wa Kaniha. Yote. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, anatikisa kichwa taratibu, kwa huruma. Kisha akaweka mkono begani kwangu.

"Na wewe, Mwalimu," akauliza, "ulikula kule?"

"Nilikula," nikamwambia. "Na nikaongezewa."